Kinachowavuta Vijana Kwenye Akili Mnemba

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, mbele ya waalimu na wanafunzi, katika bwalo la shule)

Ndugu Mwenyekiti,
Ndugu Mkuu wa Shule,
Waalimu wetu,
Ndugu Wanafunzi wa Zamani,
Na ninyi vijana mliokaa pale nyuma karibu na mlango wa jiko, mahali tulipopenda kukaa sisi ili tuwe wa kwanza kwenye foleni:

Nilipopata barua ya Katibu ikinitaka niseme machache juu ya vijana na akili mnemba, nilidhani amekosea anwani. Mimi si fundi wa kompyuta. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni majalada, madokezo na vikao. Nilipompigia simu alinijibu kwamba mafundi wa kompyuta watatueleza siku nyingine jinsi mashine zinavyofanya kazi. Yeye alitaka mtu wa kueleza kwa nini vijana wamezikimbilia, na mtu anayefanya kazi na vijana kila siku anatosha. Nikakubali. Baadaye nilijuta, maana nimegundua kwamba siwezi kusema kweli juu ya jambo hili bila kueleza aibu yangu mwenyewe. Nitaieleza, lakini kila jambo kwa wakati wake.

CHOMBO CHENYEWE

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nini. Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde na wengine akili bandia, ni jina la mambo mengi, na baadhi yake ni ya zamani. Ninayoizungumzia leo ni ile inayotunga. Unaiandikia swali, nayo inakuandikia jibu. Unaiomba barua, insha, muhtasari au picha, nayo inakutengenezea. Iliyojulikana zaidi ni ChatGPT, ambayo kampuni ya OpenAI ya Marekani iliifungulia umma tarehe 30 Novemba, 2022. Ilikadiriwa kwamba kufikia mwisho wa Januari, 2023, yaani baada ya miezi miwili tu, ilikuwa imepata watumiaji milioni 100. Nyingine zikafuata, kama vile Gemini ya Google.

Mashine hizi zimelishwa maandishi mengi mno, nazo zimejifunza maneno gani huelekea kufuata maneno gani. Ukiuliza, hujenga jibu kipande kwa kipande kwa kufuata mazoea hayo. Nyingine siku hizi huweza pia kupekua intaneti kabla ya kujibu, lakini mtungaji wa jibu ni yule yule. Naomba tulishike jambo hili, kwani huko mbele litatufaa: mashine haifungui jalada ikakusomea kilichoandikwa mle, inatunga maneno yanayoelekea kufaa. Mara nyingi maneno hayo huwa ya kweli. Mara nyingine si ya kweli, na sauti yake haibadiliki hata kidogo.

Sasa, nani wanaoitumia? Taasisi ya utafiti iitwayo Pew iliwauliza watu wazima wa Marekani swali hilo mwaka 2025. Katika kila watu 100 wenye umri wa chini ya miaka 30, watu 58 walisema wamewahi kutumia ChatGPT. Kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, walikuwa 10. Hizo ni hesabu za Marekani, wala sisemi kwamba zinalingana na zetu. Lakini katika idara ninayofanyia kazi sihitaji mtafiti aje kunionyesha mwelekeo huo. Vijana wanaitumia, na sisi wakubwa wao tunawatumia vijana.

SABABU NNE ZA WATAALAMU

Watu wengi wa rika langu wana jibu lililo tayari: vijana wa siku hizi ni wavivu. Jibu hilo ni tamu kulisema, hasa baada ya chakula cha mchana, lakini halielezi kitu. Uvivu haukuzaliwa mwaka 2022. Isitoshe, wale ninaowaona wakiitumia zaidi ofisini si wavivu. Ni wale wanaobaki mezani baada ya saa kumi na nusu.

Wapo wataalamu waliochunguza kwa miaka mingi kwa nini watu hukubali au hukataa chombo kipya. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake watatu walikusanya nadharia nane zilizokuwapo wakazifinyanga kuwa moja. Walisema mambo manne ndiyo yenye uzito: tumaini kwamba chombo kitakusaidia kufanya kazi yako vizuri zaidi, wepesi wa kukitumia, watu wa karibu wanavyotaka ufanye, na mazingira yanayokuwezesha kukitumia. Walisema pia kwamba uzito wa mambo hayo hubadilika kwa umri, kwa jinsia na kwa uzoefu. Nadharia hiyo ilitungwa wakati hakuna mashine hizi, lakini ukiileta hapa kwetu inakaa barabara.

Tuanze na tumaini la manufaa. Mfikirieni kijana aliyemaliza chuo mwaka jana. Anatakiwa kuandika barua ya kuomba kazi, wasifu wake, na majibu ya maswali ya usaili, aghalabu kwa Kiingereza, lugha aliyoanza kufundishiwa masomo yake akiwa Kidato cha Kwanza baada ya kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anajua analotaka kusema. Asichojua ni namna ya kulisema ili mtu mwenye barua mia tano mezani asiitupe ya kwake kwa kosa la sarufi. Kijana huyo akipewa chombo kitakachonyoosha barua yake kwa dakika moja, nani kati yetu angemwambia akiache?

La pili ni wepesi. Mimi nilipomaliza chuo kikuu nililipa ada ya kozi ya kompyuta ya miezi mitatu ili nijue kuandika barua na kuihifadhi kwenye disketi. Mashine za wakati wetu zilitutaka tujifunze lugha yao. Hizi zimejifunza ya kwetu. Unaandika kama unavyozungumza, hata ukichanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, nazo zinaelewa. Ingawa Kiswahili chao mara nyingine hunikumbusha mgeni aliyekisoma kwenye kamusi.

La tatu ni watu wa karibu. Chumba kimoja cha hosteli kina vijana wanne. Mmoja akimaliza kwa usiku mmoja kazi waliyopewa kwa wiki, wale watatu wataifanya yao kwa njia ya zamani mpaka lini? Hapa hofu ya kuachwa nyuma ni kubwa kuliko kupenda kitu kipya. Nasi tusijifanye wageni wa jambo hili. Ni nani humu ndani hakuwahi kusikia neno “desa”? Ni nani hakuwahi kununua vile vijitabu vya maswali na majibu, ambavyo mwalimu akipita vilijificha ndani ya atlasi? Kidato kizima kilikuwa navyo, na asiyekuwa navyo alijiona kama anakwenda vitani na fimbo.

La nne ni mazingira. Simu iko mfukoni, bando hununuliwa kwa fedha kidogo kidogo, na mashine nyingi kati ya hizi hutumika bila malipo mpaka kiasi fulani. Kitabu cha kiada kina bei yake, na maktaba ina saa zake za kufunga. Kijana anayesoma saa sita za usiku hana mlango mwingine ulio wazi.

Miaka tisa baadaye Venkatesh aliongeza, pamoja na wenzake wengine, mambo matatu kwa watu wanaotumia vyombo nje ya kazi: raha ya kukitumia, bei ikilinganishwa na faida, na mazoea. Juu ya mazoea nitarudi.

DOKEZO LILILORUDI

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nimeridhika na sababu hizo nne. Ningeweza kuzisema hapa, mkanipigia makofi, nikakaa. Lakini lilinipata jambo lililonionyesha kwamba ipo sababu nyingine.

Mwaka 2024 nilimpa kijana mmoja wa idara yetu kazi ya kuandaa dokezo kuhusu malipo ya watumishi waliohamishwa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kazini, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Ilikuwa Alhamisi alasiri. Nilimwambia nalitaka Jumatatu. Jumatatu asubuhi lilikuwa mezani: kurasa tatu, safi, limepangwa vizuri, na kanuni zimetajwa kwa namba. Nikalisoma kwa haraka, nikatia sahihi, likapanda juu.

Siku ya pili likarudi. Pembeni pa aya ya nne palikuwa na maneno machache ya wino mwekundu: “Kanuni hii iko wapi? Tujadili.”

Nikachukua Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, nikafungua namba ile. Haikuwapo. Kifungu kidogo kilichotajwa hakikuwapo. Maneno yaliyonukuliwa hayakuwapo popote. Mnaofanya kazi serikalini mnajua ni jambo gani kupeleka juu, kwa sahihi yako, kanuni isiyokuwapo.

Sasa nisikilizeni nilivyofanya. Nilitoka nikaenda kwenye chumba chao kikubwa, wakiwa wote kwenye meza zao, nikamwita kwa jina. Nikauliza kanuni ile aliitoa wapi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba aliiuliza mashine. Basi nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa mbele ya waalimu wangu. Nilisema juu yake, juu ya kizazi chake na juu ya chuo alichosoma. Nikarudi ofisini kwangu nikajisikia kama mtu aliyefanya kazi.

Siku mbili baadaye ililetwa barua yake ya kuomba uhamisho. Kwa utaratibu wetu barua kama hiyo hupitia kwa mkuu wa mwombaji, kwa hiyo ilinibidi nimwite nimwulize sababu. Alikaa kitini, akanyamaza kwa muda, kisha akasema:

“Mzee, kosa nimelifanya na nimelikubali. Lakini kabla ya kuiuliza mashine nilikuja mlangoni kwako mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unatoka kwenda kikaoni. Mara ya pili uliniambia nikasome jalada. Nikalisoma, nikakuta kurasa mbili hazimo. Mara ya tatu ulinitazama ukaniuliza, ‘Hivi ninyi huko chuo kikuu mlisoma nini?’ Wenzangu walikuwa nyuma yangu, wakacheka. Usiku ule niliiuliza mashine. Yenyewe haikuniuliza nilisoma nini.”

Sikuwa na la kujibu. Nilikumbuka ile mara ya tatu. Kwangu ulikuwa mzaha, na niliusahau kabla hajafika kwenye meza yake.

SABABU YA TANO

Ndugu zangu, sababu ya tano ni aibu ya kuuliza. Wazee walisema kuuliza si ujinga, na kila mmoja wetu amewahi kuuandika usemi huo katika daftari la methali. Lakini tunawafanyia nini wale wanaouliza? Tunawafanya wajute. Kijana anapoiandikia mashine swali lake anaamini mambo matatu: haitamcheka, haitachoka, na haitamwambia mtu. Akiuliza jambo lile lile mara saba, mara ya saba itamjibu kwa upole ule ule wa mara ya kwanza. Nani kati yetu anaweza kusema hivyo juu yake mwenyewe?

Baada ya kisa kile niliwauliza vijana wengine wa idara, mmoja mmoja, huitumia mashine kwa kazi gani. Nilitazamia kusikia barua na taarifa. Wakasema hayo, lakini wakasema na mengine. Mmoja huiuliza maana ya maneno yanayotumika vikaoni, kwa kuwa akiuliza pale ataonekana mgeni. Mwingine huiandikia hoja yake kabla ya kikao ili ajue kama ni ya kipumbavu. Mwingine, mama mwenye mtoto mchanga, aliniambia huiuliza saa nane za usiku mambo ambayo zamani angemwuliza mama yake, ambaye yuko mbali, naye hataki kumtia wasiwasi. Hawa si watu waliokimbia kazi. Hawa ni watu waliokuwa na maswali na hawakuwa na pa kuyapeleka.

Na hapo ndipo nilipokumbuka shule hii. Mwaka 1995 nilikuwa Kidato cha Pili, katika darasa lile la mwisho lililokuwa likivuja. Katika somo la baiolojia tulifundishwa osmosisi. Sikuelewa. Nilinyoosha mkono nikaanza kuuliza kwa Kiingereza. Katikati ya sentensi Kiingereza kikaniishia, nikamalizia kwa Kiswahili. Darasa zima lilicheka. Nilikaa chini, na nawaambieni kweli, sikunyoosha tena mkono katika somo lile mpaka mwaka ulipokwisha.

Lakini kitanda cha jirani bwenini kilikuwa cha kaka mmoja wa Kidato cha Tano. Usiku ule, taa zilipokwisha kuzimwa, alininong’oneza: “Dogo, leo umekuwaje?” Nikamweleza. Akaniambia: “Kwenu mkitengeneza kachumbari na kutia chumvi, baada ya muda si unakuta maji bakulini? Nani kayatia?” Nikasema hakuna aliyeyatia, yametoka kwenye nyanya na vitunguu. “Basi,” akasema, “chumvi imeyavuta kutoka ndani, yakapita kwenye kuta zile nyembamba. Hiyo ndiyo osmosisi yako. Sasa lala.”

Nikalala. Usiku wa pili nikadhani mambo yamekwisha, lakini yeye akaniamsha: “Haya, sasa nieleze wewe.” Nikaeleza nikakosea. Akanisahihisha. Usiku wa tatu akaniuliza tena. Mpaka leo nimesahau mengi ya baiolojia, lakini osmosisi siwezi kuisahau.

Nimekieleza kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mashine leo imekaa kwenye kitanda cha jirani kilichokuwa cha yule kaka. Haikumfukuza mtu, ilikikuta kitupu. Ya pili ni kwamba yule kaka alifanya jambo ambalo mashine hailifanyi kama hukuiagiza: alirudi usiku wa pili akaniuliza.

PENYE UREMBO

Sitaki mtu atoke hapa akisema nimekuja kuisifu mashine. Wahenga walisema penye urembo ndipo penye urimbo. Ndege hatui kwenye ulimbo kwa ujinga. Hutua kwa kuwa mti ni mzuri. Upole ule ule unaomvuta kijana ndio unaomnasa, kwa maana jibu la uongo huja na upole sawasawa na jibu la kweli.

Wala si vijana peke yao wanaonaswa. Mwaka 2023 mjini New York mawakili wawili walitozwa na mahakama faini ya dola 5,000, pamoja na ofisi yao, kwa sababu walipeleka mahakamani hoja zenye kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. ChatGPT ilizitunga, na majina ya majaji ikayaweka. Wakili aliyeiuliza alikuwa amefanya kazi ya uwakili kwa miaka zaidi ya 30. Niliposoma habari ile nilimkumbuka kijana wangu, nikajikumbuka na mimi niliyetia sahihi.

Hatari ya pili ni siri. Jalada la mtumishi lina namba zake, ugonjwa wake, mshahara wake na matatizo ya nyumba yake. Kulimwaga jalada hilo kwenye mashine ya kampuni iliyo ng’ambo ili likunyooshee barua ni kuitoa mali ya mtu bila ruhusa yake. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kutojua si utetezi.

Hatari ya tatu ni yale mazoea niliyosema nitayarudia. Mtu akizoea kubebwa, miguu husahau njia. Vijana wa Kidato cha Nne na cha Sita mnajua kwamba katika chumba cha mtihani mtaingia na kalamu, rula na kichwa. Najua pia kwamba simu haziruhusiwi shuleni, nami sikuja kuwapekua. Nasema juu ya likizo, na juu ya siku mtakayotoka hapa. Kama kila insha uliyowahi kuandika iliandikwa na mwingine, siku hiyo utajikuta hujui sauti yako mwenyewe ikoje.

TUFANYE NINI

Kwa vijana nina mambo matatu, na yote nimeyalipia. Kwanza, mkiiuliza mashine, iulizeni ili mwelewe, msiiulize ili mwondokane na kazi. Pili, mkishasoma jibu, fungeni simu, mwelezeni mwenzenu kwa maneno yenu kama alivyonitaka yule kaka. Ukishindwa kulieleza, hujalipata, umelitazama tu. Tatu, kila namba, kila jina, kila sheria na kila tarehe itafuteni kwenye kitabu chenyewe kabla hamjaiandika. Katika idara yetu sasa ni amri: anayetaja kanuni huweka nakala ya ukurasa wake ndani ya jalada. Amri hiyo inanihusu na mimi.

Kwa waalimu wetu nasema kwa heshima, maana najua madarasa mliyonayo na idadi ya madaftari mnayosahihisha. Siombi mwongezewe mzigo. Naomba jambo moja dogo: darasa likicheka swali, mcheko huo uzimwe pale pale. Mwanafunzi anayechekwa hukaa kimya mwaka mzima, lakini swali lake haliondoki. Litatafuta pa kwenda.

Na sasa kwetu sisi wenye vitambi na ofisi. Tunalalamika kwamba vijana hawaulizi, wanaiuliza simu. Je, tunaulizika? Mlango wangu mimi ulikuwa na kibao cha jina na cheo, na kijana alipofika mara ya tatu nilimkejeli. Tangu wakati ule, kila Jumatatu kuanzia saa mbili mpaka saa tatu asubuhi naketi bila kikao, na yeyote huingia na swali lolote. Juma la kwanza hakuja mtu. Juma la pili alikuja mmoja, akauliza jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua, ikabidi tulitafute pamoja. Baada ya hapo walizoea. Mashine bado wanaitumia, nami sikuwakataza. Lakini sasa huja na jibu la mashine mkononi wakaniuliza, “Mzee, hili ni kweli?” Hilo ndilo swali nililokuwa nikilitaka tangu mwanzo.

Labda mtu atauliza yule kijana yuko wapi. Nilimwomba radhi katika chumba kile kile, mbele ya watu wale wale. Alinishukuru kwa adabu. Lakini barua yake hakuiondoa. Ilikubaliwa, akahamia mkoani, na huko nasikia wanamsifu. Nilimpoteza mtumishi hodari kwa sentensi moja ya mzaha. Mashine haikuninyang’anya, nilimtoa mwenyewe.

Kwa hiyo basi, Ndugu Mwenyekiti, natoa pendekezo, nami naomba liingizwe katika kumbukumbu za mkutano huu. Katika bwalo hili wamo madaktari, mahakimu, wahandisi, wakulima, wafanyabiashara na waalimu. Kila mwaka tunachangia rangi ya mabweni na mabati, na hilo ni jema. Tuchangie pia muda. Siku moja katika kila muhula, baadhi yetu waje hapa, wasije na hotuba kama hii yangu, waje wakae kwenye madawati na kuulizwa. Wanafunzi waandike maswali yao kwenye vikaratasi bila majina, yawekwe kwenye boksi, nasi tuyajibu. Na muhula unaofuata turudi, tuwaambie: “Haya, sasa tuelezeni ninyi.”

Mimi nimekwisha kujiandikisha kwa muhula ujao. Wa baiolojia simo. Lakini akitokea mmoja asiyeelewa osmosisi, mnileteeni huyo.